Ukoka Juu ya Udongo wa Shaba

Ua wa nyumba Katanga, nchini Kongo, hufagiliwa. Mama huamka na ufagio kabla jua halijachomoza, na jua likitoka linakuta ardhi tupu yenye mistari ya ufagio, kwa sababu majani karibu na mlango ni maficho ya nyoka na mbu. Ndiyo maana fundi wa kupanda majani mjini Likasi, hasa huku Kamatanda kwenye reli na machimbo, ana kazi mbili, na ya kwanza ni kumshawishi mwenye nyumba kwamba ukoka mfupi si pori. Silaha yake ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua ya kutegemea, malori ya madini yanapita, na vumbi jekundu linafika hadi ndani ya sufuria. Ikifika Agosti hakuna anayebisha tena. Bahati mbaya Agosti ni mwezi mbovu kabisa wa kupanda, kwa hiyo maombi humjia kwa wingi wakati ambao jibu lake ni moja: "Mama, tungojee mvua."

Nampenda kwanza kwa jibu hilo. Angeweza kupanda, akachukua pesa yake, na ukoka ukikauka akasingizia bomba. Badala yake anangoja Novemba, na hata mvua ya kwanza haimdanganyi. Anapiga jembe mara moja, anatazama unyevu umeshuka kiasi gani. Ukiwa bado juu juu, anafuta jembe na kuaga.

Kununua ndiko kunakomtenga na wengine. Ukoka wa vipande hukatwa kwa sepeo kwenye maeneo yenye maji, ukapangwa lundo, ukauzwa kwa mita au kwa mzigo. Wanunuzi wengi hutazama rangi. Yeye hugeuza kipande na kutazama tumboni: mizizi iwe myeupe, imeshikana hata kipande kikiinuliwa kwa pembe moja kisikatike, na udongo ulioganda nayo uwe wa sentimita 2 au 3, basi. Udongo mnene humfurahisha asiyejua, maana anaona amepata zaidi. Kumbe mizizi iliyozoea kitanda chake kinene huchelewa kushuka kwenye ardhi mpya. Kisha anaingiza mkono katikati ya lundo hadi kwenye kiwiko. Majani yaliyokatwa bado yanapumua, na yakibanana hutoa joto. Lundo lililolala usiku mzima linaweza kuwa kijani kwa nje na kuiva kwa ndani. Akihisi vuguvugu anautoa mkono, anaushukuru mzigo na mwenye mzigo, anaondoka. Anataka ukoka uliokatwa asubuhi ili jioni uwe umelala mahali pake.

Kuna adui mmoja anayemtafuta kwa kucha: ndago. Juu, ndago ni jani jembamba la kawaida. Chini ana vitunguu vidogo vyeusi vilivyofungamana kwa nyuzi. Ukimng'oa, uzi unakatika, vitunguu vinabaki, na kila kimoja kinachipua. Kipande kimoja chenye ndago kinatosha kuharibu ua mzima. Nimemwona akichambua mzigo kipande kwa kipande, akibonyeza udongo kwa kidole gumba, huku muuzaji akilalamika kwamba kwa mwendo huo watalala hapo.

Ama aina, yeye ni mtu wa ukoka wa kawaida, ule unaotambaa juu na chini ya ardhi pamoja. Wenye pesa humwomba majani ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na leo yametanda hadi California na Australia. Pwani ya Kenya wanasifu majani ya Pemba, yenye jani pana linalovumilia kivuli. Hayakatai. Anauliza tu: maji ya Agosti atayabeba nani?

Sasa udongo, na hapa ndipo ningeomba msomaji akae kitako, kwa sababu kazi hii yote itafunikwa na hakuna mgeni atakayeisifu. Analima kina cha sentimita 15 hivi, anatoa mawe, mizizi ya zamani na mifuko ya plastiki. Anavunja mabonge, anachanganya mbolea ya kuku iliyokwisha kupoa. Halafu anasawazisha kwa kamba na vigingi, akitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa waashi, ili ardhi iteremke kidogo kutoka ukutani, kama sentimita 2 kwa kila mita. Mvua za Januari Likasi hazina huruma. Maji yakisimama kwenye msingi, ukoka utaoza na nyumba itafuata. Pembeni ya njia ya saruji anashusha udongo kwa unene uleule wa kipande, ili ukoka ukilala uwe sawa na saruji, usiwe juu wala chini. Wapandaji wengi hulisahau hili, nawe utawajua kwa jinsi wageni wao wanavyojikwaa.

Kuna jambo moja la mkoa huu. Ardhi yetu ina shaba, na penye shaba nyingi karibu na uso, hasa palipomwagwa mabaki ya viwanda, majani hayaoti au yanaota manjano. Porini, mahali pa namna hiyo hujionyesha kwa mmea mfupi wa maua ya zambarau ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini waliufuata, na wanaakiolojia nao waliufuata hadi kwenye sehemu ambako wayeyushaji wa zamani walipika shaba kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906. Fundi wetu hana habari na jina la Kilatini, ila akiona ua hilo kwenye kiwanja anasimama. Dawa yake ni chokaa, na bahati iko upande wake: Kakontwe, penye mawe ya chokaa, ni hapahapa Likasi. Chokaa hupunguza ukali wa udongo, shaba ikajifunga, mizizi isiinywe kwa wingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu njia iliyo karibu na hiyo kwenye ardhi iliyochafuliwa na moshi wa kiwanda cha shaba cha Lubumbashi, kilichowashwa mwaka 1911: chokaa, mboji, na jani la kienyeji liitwalo Microchloa altera, ambalo linavumilia shaba na kuushika udongo usipeperuke. Mimi nasema hivi: kwenye kiwanja cha namna hiyo, afadhali ukoka kuliko mboga ya lengalenga. Ukoka hauliwi.

Kupanga vipande ni kazi ya nusu siku. Anaanzia kwenye ukingo ulionyooka, anapiga magoti juu ya ubao ili uzito wake usichimbe udongo aliousawazisha, na anasonga mbele akiwa juu ya ukoka uliokwisha kulala. Viungo vya mstari wa pili havikutani na vya kwanza, hupishana kama matofali. Kila kipande husukumwa kwa viganja viwili mpaka kibanane na jirani yake, bila kupandana. Nyufa ndogo zinazobaki anazijaza udongo uliochekechwa, kwa vidole, maana ufa huanza kukaukia kingoni na kipande hunywea kwenda ndani. Mwisho anaviringisha pipa la lita 200 lenye maji nusu juu ya kazi yote, polepole, mizizi ikutane na ardhi pasiwe na hewa katikati. Na kabla ya jioni ameanza kumwagia.

Maji ya wiki mbili za kwanza ndiyo uhai wa ukoka. Mvua ikikosa siku, madumu yanabebwa asubuhi na jioni, na mwenye nyumba anaambiwa ainue pembe ya kipande kimoja aguse chini: pakiwa pakavu, maji hayajafika, hata kama juu panametameta. Baada ya kama siku kumi fundi anarudi na kufanya jambo linalowatisha watoto. Anashika majani na kuvuta. Yakija, bado. Yakigoma, mizizi imeshuka, na kuanzia hapo maji yanapunguzwa makusudi, yamwagwe mengi lakini kwa nadra, ili mizizi iyafuate chini.

Kukata ni kwa kupekupe, lile bapa refu la chuma lililopindwa nchani. Kabla Mwingereza Edwin Budding hajabuni mashine ya kukatia majani mwaka 1830, viwanja vingi vya matajiri wa Ulaya vilikatwa kwa makali ya mkononi, na wakataji waliamka na umande kwa sababu jani lililolowa linakatika vizuri. Fundi wa Kamatanda naye huamka na umande. Ananoa kwa tupa, anajaribu makali kwenye ukucha, kisha anarusha mkono kwa mduara mmoja, kiuno kikizunguka, bapa likipita urefu uleule kila mara. Hakati zaidi ya theluthi moja ya jani. Ukitaka kumpima mkataji yeyote, pita siku ya pili utazame ncha: kupekupe butu hurarua, na ncha zilizoraruliwa hugeuka rangi ya majani makavu, ua wote ukaonekana mgonjwa ilhali hauumwi.

Kiangazi kikifika ukoka hugeuka rangi ya mkeka, na hapo simu zinaanza. Yeye hana haraka. Anachimba kidogo kwa kisu, anaonyesha shina la chini ya ardhi likiwa bado jeupe na gumu, anasema linalala. Wanaotaka kijani cha mwaka mzima anawaelekeza Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo, kwenye uwanja wa mpira wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011: pale majani ni ya bandia.

Mwaka wa pili ukoka huanza kuvuka njia na kuingia kwenye maua. Anakata kingo kwa sepeo akifuata kamba, na yale mabaki hayatupwi. Anayapakia kwenye mfuko wenye unyevu, jioni anayapitisha kwa jirani asiye na uwezo wa kununua vipande, anayachanachana kwa vidole, kila kipande cha shina kiwe na mafundo mawili au matatu, anachora mifereji kwa kijiti na kuyazika nusu. Mita moja ya ukoka ikichanwa hivyo hutawanywa kwenye mita kadhaa, ingawa itachukua msimu mzima wa mvua kufumba. Kwa kazi hiyo hulipwa kidogo, mara nyingine sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki. Jirani naye anapewa onyo lilelile la ndago, na anakatazwa kufagia mahali hapo mpaka Februari.