Gari Lisilowaka Hali Lingali na Moto

Barabara ya Taifa namba 5, ikitoka Uvira, huandama ufuo wa Ziwa Tanganyika kupitia Makobola na Mboko hata kufika Baraka, kisha hulipa ziwa kisogo na kuipanda milima kwenda Fizi. Na ni katika kipande hicho cha mwisho ambapo hudhihirika kasoro moja ya magari ya mazutu, nayo ni kwamba gari lililowaka asubuhi kwa mguso mmoja wa ufunguo, likapanda na mizigo yake bila ya taabu, likizimwa kwa muda wa kushusha magunia hukataa kata kata kuwaka tena mpaka lipoe, au mpaka lisukumwe mteremkoni. Wako madereva walioizoea hali hii hata wakafanya ada ya kuegesha gari pua ikielekea bondeni, wala hawaulizi tena sababu.

Gari ninalotaka kulieleza lilikuwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda 6 ambayo Toyota ilianza kuitia katika magari hayo mwaka 1990. Mwenyewe alikwisha kubadili betri, kisha demarere, na kasoro ikabaki pale pale. Na fundi aliyeitwa, mtu wa Baraka, jambo la kwanza aliloagiza ni kwamba gari lisiachwe kupoa, kwani ugonjwa uletwao na joto huondoka na ushahidi wake wote joto linapoondoka. Agizo hili naliona kuwa ndilo msingi wa kazi nzima, na ndilo linalopuuzwa kila gari linapolazwa gereji na kuchunguzwa kesho yake.

Ufunguo ulipogeuzwa, demarere iliizungusha injini kwa wepesi, basi lawama ya umeme ikaanguka. Na katika bomba la moshi hapakutoka hata ukungu, ilhali mazutu yaingiayo silindani bila ya kuungua hutoka kwa moshi mweupe, ikawa dhahiri kwamba mafuta hayafiki. Mgandamizo nao haukushukiwa, madhali injini iliyolika pete hulalamika kwa baridi ya alfajiri, si kwa joto la adhuhuri. Akatega sikio apate kusikia kile kifaa cha umeme kinachofungua njia ya mazutu pampuni, nacho kikalia. Akaibonyeza kwa mkono pampu ndogo iliyo juu ya chujio, ikawa ngumu, ishara kwamba mafuta yamejaa. Kisha akalegeza nati ya bomba moja liendalo kwenye nozeli, na injini ilipozungushwa tena, mazutu ambayo yalipasa kuruka kwa mshindo yakachuruzika kinyonge. Hapo alichovya kitambaa katika maji, akaifunika pampu ya mazutu, akangoja, akakilowesha tena. Na injini, ambayo sehemu zake nyingine zote zilikuwa zingali na moto ule ule, ikawaka.

Ndani ya pampu hiyo mna pistoni moja tu ihudumiayo silinda zote 6, na nafasi baina yake na kichwa kinachoizunguka ni ya sehemu chache tu za elfu za milimita moja, pasipo mpira wa kuziba, hata kinachozuia mafuta yasivuje ni udogo wa nafasi hiyo pamoja na uzito wa mazutu yenyewe. Sasa mazutu, mithili ya mawese yaliyoachwa juani, huwa mepesi kila yapatapo joto, na pistoni ikisha kulika, mafuta mepesi hupenya ubavuni mwake yakarudi nyuma badala ya kuifungua nozeli. Wakati wa kuwasha, pampu huzunguka nusu ya mwendo wa injini, pole pole, nayo mafuta hupata wasaa wa kuvuja. Gari likiporomoka mteremkoni mwendo huzidi na wasaa ule hupungua. Fauka ya hayo, gari likizimwa, feni husimama na mazutu baridi ya tangi hayapiti tena, hivyo joto la injini huhamia pampuni, ndiyo maana dakika 20 baada ya kuzima ni mbaya kuliko dakika ya kwanza.

Jaribio la maji sharti lifanywe injini imezimwa, kwani pampu izungukayo ikimwagiwa maji ya baridi, ganda lake la nje husinyaa kabla ya pistoni, na chombo chote huweza kukwama. Wapo pia washaurio kukaza skrubu ya kuongeza mafuta, na gari huenda likawaka kwa muda, pamoja na moshi mweusi mlimani, lakini nafasi iliyolika haijazibwa. Dawa ni kubadili kichwa na pistoni kwa pamoja, maana hulinganishwa kiwandani kimoja kwa kingine, kisha pampu ikapimwa juu ya mtambo wake. Na kwa kuwa pampu hii hulainishwa na mazutu yenyewe, ambayo huku hununuliwa katika bidoni zilizoingia maji na vumbi, koki iliyo chini ya chujio ifunguliwe kabla ya kila safari ya Fizi, maji yatoke mpaka yaonekane mazutu matupu.