Namba 7 Kwenye Upepo wa Makambako

Wataalamu wa nishati walipopima upepo wa Makambako, enzi mji huo ukiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, vipimo vyao vya mita 30 kutoka ardhini vilitoa wastani wa mita 8.9 kwa sekunde. Kititimo ya Singida ilipata 9.9. Mkulima wa Kitandililo hakuhitaji mnara kuambiwa kwamba kwake kunavuma. Ila kwa mcheza gofu ule urefu wa mita 30 una maana yake, kwa sababu mpira uliopigwa sawasawa kwa fimbo ya chuma hufika kileleni kati ya mita 20 na 30. Hapo ndipo unapopungua kasi na kuanza kushuka, na hapo ndipo upepo unapoukamata. Bila kukusudia, watu wa umeme walipima tabaka lile lile la hewa ambalo mchezaji huwa analikisia tu.

Gofu yenyewe iko Mufindi. Kutoka Makambako unafuata barabara kuu ya kwenda Iringa, unakata kulia Nyololo, unapita Igowole hadi Kibao, na hapo unaanza kuingia kwenye mashamba ya chai ambamo uwanja umekaa. Hali ya hewa ya ukanda huu wote ni ya ndugu wa tumbo moja: mvua za msimu kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu kiasi kwamba pale Ngwazi watafiti wametumia miaka mingi kuchunguza namna ya kumwagilia chai, na katikati ya kiangazi hicho, Juni hadi Agosti, baridi ya kuvaa koti mchana.

Tuanze na bendera. Urefu wake ni mita mbili na kidogo. Juu ya nyasi fupi na ardhi iliyo wazi, upepo wa usawa huo huwa kama theluthi mbili ya ule wa mita 30. Kwa hiyo bendera inayopepea kwa mita 6 kwa sekunde inakuficha karibu mita 3 zilizoko juu. Mchezaji anayechuma majani na kuyarusha yapeperuke anapima upepo wa kifuani, kisha anapiga mpira unaokwenda kuishi mahali pengine kabisa. Kedi mzoefu, yule anayembebea mchezaji fimbo, wala hasumbuki na majani. Anatazama vichwa vya milingoti nyuma ya grini, kwa sababu miti hiyo ina urefu unaokaribia kilele cha mpira. Ikiwa matawi ya chini yametulia na ncha zinainama, anaongeza fimbo moja kabla hujamuuliza.

Sasa mchukue mchezaji wa kawaida kutoka Dar es Salaam, handikapu 18, ambaye akiwa kwenye uwanja wa Lugalo fimbo yake ya chuma namba 7 inakwenda mita 140. Mpandishe kwenye mwinuko wa Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15, na mpira unapata msuguano mdogo. Kwa hesabu ya mkono anaongeza asilimia 6 hivi, yaani mita 8. Amefika 148 na anajiona amekuwa hodari ghafla. Lakini ni asubuhi ya Julai, nyuzi 12, wakati mwili wake na mipira yake vimezoea 30. Baridi inaifanya hewa iwe nzito kidogo, na mpira wenyewe unakuwa mgumu na mvivu kwenye uso wa fimbo. Toa mita 4. Tuko 144.

Halafu uje upepo wa vipimo vile vya Makambako, usoni. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba kila maili moja ya upepo wa mbele kwa saa inakula asilimia 1 ya umbali, na ule wa nyuma unarudisha nusu yake tu. Mita 8.9 kwa sekunde ni maili 20 kwa saa. Ukipunguza kidogo kwa sababu ya wepesi wa hewa, namba 7 ileile inaanguka kwenye mita 120. Akigeuka kwenye shimo linalofuata na upepo ukawa mgongoni, inakwenda karibu 158. Fimbo moja, mkono mmoja, tofauti ya karibu mita 40 ndani ya dakika 15. Kwa hatua za kawaida za mita 10 kati ya fimbo na fimbo, hizo ni namba nne.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na si kwa kukosa hesabu. Wanajua wanahitaji nguvu zaidi, basi wanapiga kwa nguvu zaidi. Mpira unaopigwa kwa nguvu kwa fimbo ile ile unatoka na mzunguko mkubwa zaidi wa kurudi nyuma, mzunguko huo unaunyanyua, na upepo unaukuta juu ukiwa umesimama karibu wima. Unaonekana unakwenda, unasita, kisha unadondoka mita 30 kabla ya grini. Dawa yake ni kuchukua namba 5 badala ya namba 7, kushika mpini chini kidogo, kuuweka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, kupiga robo tatu ya mzunguko na kuisimamisha mikono usawa wa kifua. Mpira unatoka chini, unaruka kwa unyonge, unafika. Ni pigo lisilo na fahari yoyote, na nadhani ndiyo sababu wanaume wa klabu wanalikwepa. Wanawake na wazee, ambao hawakuwahi kutegemea nguvu, hulicheza vizuri zaidi.

Kuna neno moja ambalo halinishawishi katika mazungumzo ya gofu ya huku kwetu: kwamba hali ya hewa ya tropiki haitabiriki. Ni kweli kwamba huwezi kusema kama Jumamosi ijayo itanyesha saa tisa na dakika ishirini. Ila kila mahali pana ratiba yake ya siku, na ratiba hizo zinatofautiana kuliko wachezaji wanavyodhani. Nyanda za Juu Kusini, msimu wa mvua, jua la asubuhi linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajikusanya adhuhuri na kumwaga alasiri. Anayeanza saa moja asubuhi kwa kawaida anamaliza mkavu. Kericho kwenye chai ya Kenya ni hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa upepo wa Ziwa Victoria unapanda mchana na kukutana na ule wa mashariki juu ya vilima. Mwaka mmoja Kericho zilihesabiwa siku 132 za mvua ya mawe, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zikitumwa kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kuokoa majani ya chai.

Mchukue sasa mchezaji huyo wa asubuhi umpeleke Entebbe, ambako klabu ya gofu ipo tangu 1901. Ratiba ya huko imegeuka kichwa chini. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, pepo za pande zote zinateremka kuelekea majini na kukutana huko, ngurumo zinazaliwa juu ya ziwa na kusogea ufukweni alfajiri. Saa moja ya asubuhi, ile iliyo salama Mufindi, Entebbe mara nyingi ndiyo yenye mvua. Dar es Salaam nako mvua za masika hupenda kunyesha usiku wa manane na asubuhi, huku upepo wa baharini ukiamka mchana. Mamlaka ya Hali ya Hewa itakupa utabiri wa msimu na wa siku. Ratiba ya saa utaipata kwa kedi na mtunza nyasi, ambao wako hapo kila siku na ndio wanaolowana.

Radi ndiyo sehemu ambayo sina utani nayo. Njombe na mikoa jirani watu wana maelezo yao kuhusu radi inatumwa na nani na kwa sababu gani, na kanuni za gofu haziingilii mjadala huo; zinachosema ni kwamba uache kucheza. Mchezaji ameruhusiwa kusimama mwenyewe, bila kusubiri ruhusa ya kamati, akiamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari ya radi. Mvua peke yake, hata ya kukata na shoka, haitoi ruhusa hiyo. King'ora kimoja kirefu maana yake simama sasa hivi, hata kama mpira uko nusu hatua kutoka shimoni. Kupiga baada ya hapo bila sababu ya kukubalika ni kuondolewa mashindanoni. Milio mitatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida, na wenzako walio katikati ya shimo wanaweza kulimalizia. Milio miwili mifupi, rudini mcheze. Klabu ndogo isiyo na king'ora inaweza kutumia honi ya gari, mradi kila mtu ameambiwa kabla ya kuanza.

Pasipo king'ora wala honi, kuna kuhesabu. Sauti inachukua takriban sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukiona mmweko na ngurumo ikakufikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na umbali huo inaweza kuuruka kwa pigo moja ukiwa chini ya anga ambalo bado lina jua. Unaondoka, na unarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Dakika 30 ni nyingi ukiwa umelowa na unaongoza, lakini radi ya mkiani imewahi kuua watu waliodhani imekwisha.

Unaondoka kwenda wapi? Jengo lenye kuta, au gari lenye bati juu na vioo vimefungwa. Kile kibanda cha nguzo nne kilichojengwa kwa ajili ya kivuli hakikulindi na chochote isipokuwa mvua. Mti ni mbaya zaidi. Mwaka 1991, kwenye US Open pale Hazeltine, Minnesota, watazamaji sita walijibanza chini ya mti mmoja. Radi iliwapiga wote na mmoja akafa. Mwaka 1975 karibu na Chicago, Lee Trevino na Jerry Heard walipigwa wakiwa wameketi pembeni ya grini, na mgongo wa Trevino ulimsumbua kwa miaka iliyofuata. Retief Goosen wa Afrika Kusini alipigwa akiwa na miaka 15, uwanjani, kwenye nyanda za juu zinazofanana na zetu; alipona na baadaye akaja kutwaa US Open mara mbili. Uwanja uliozungukwa na milingoti na mipaina una vishawishi vingi vya kukimbilia chini ya matawi. Kedi naye aambiwe aweke begi chini na aondoke na wengine. Nimeona mahali fulani kedi akiachwa alinde fimbo huku wenye fimbo wakiwa ndani wanakunywa chai, na hilo halina kanuni yoyote inayolitetea.

Ukungu hauui, unapoteza mipira tu. Tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3, kutoka 5 za zamani, na kwenye ukungu wa Julai dakika 3 zinaisha kabla hamjakubaliana mpira ulipita upande gani wa mti. Mtume mtu mmoja mbele asimame pale mpira unapotarajiwa kutua, na ukiwa na shaka yoyote, tangaza mpira wa akiba na uupige kabla hujaondoka. Ukisahau kutangaza kwamba ni wa akiba, ule wa pili ndio umekuwa mpira wako, na mkwaju wa adhabu juu yake.

Mvua yenyewe, ikiwa haina radi, inachezeka. Taulo moja kavu ininginizwe ndani kwenye mbavu za mwavuli, si kwenye begi. Maji yakiingia kati ya mpira na uso wa fimbo, mzunguko unapungua. Pigo la kwenye nyasi ndefu zilizolowa linaweza kuruka mbali kuliko kawaida na kukataa kusimama, wakati lile la juu ya tii linadondoka na kukwama lilipotua. Mpira uliojizika kwenye tundu lake ndani ya eneo la kawaida unainuliwa, unasafishwa na kuangushwa bila adhabu. Maji ya muda chini ya miguu yako nayo yanakupa nafuu ya bure: sehemu ya karibu isiyo na maji, urefu wa fimbo moja, usisogelee shimo. Kwenye bunka lililojaa maji unaangusha ndani ya bunka hilo hilo bure, au unatoka nje kwa kulipa mkwaju mmoja. Wengi hawajui kwamba wanaweza kutoka, wakabaki wakipiga maji.

Kwa siku za namna hii napendekeza kuhesabu kwa pointi za Stableford. Dakta Frank Stableford alikuwa mwanachama wa Wallasey, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, ambako upepo wa bahari ulikuwa unamzuia kufika kwenye grini za mashimo marefu. Klabu yake ilicheza mashindano ya kwanza ya mfumo wake mwaka 1932. Shimo lililoharibika linakupa sifuri na unaendelea, badala ya kubeba mikwaju 11 hadi jioni. Mpira unaokotwa, kundi linasonga, na kundi linalosonga linawahi kufika klabu kabla ya saa nane.

Mkikatishwa njiani, kadi si ya kutupa. Kwa utaratibu wa handikapu wa sasa, raundi ya mashimo 18 iliyokatizwa na hali ya hewa inakubalika kama mmecheza angalau mashimo 10, na mashimo yaliyobaki yanajazwa kwa alama inayotarajiwa kulingana na handikapu yako. Iandikwe, isainiwe, ipelekwe kabla haijalowa.