Ruge Mutahaba na njia ya wimbo hadi Ifakara

Ukitaka kujua wimbo gani umeshika Ifakara, nenda stendi, kwenye kibanda cha kijana mwenye kompyuta anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Bei yake ni ndogo, na ndani ya bei hiyo msanii hana hata senti. Zamani kazi ileile ilifanywa kwa kaseti zilizodurufiwa. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA ya kuisimamia ipo, na 2013 zikaja stempu za kodi kwenye kanda na CD. Bado mkulima wa mpunga kule Mlimba husikiliza bure, au kwa kumlipa mtu ambaye hakuimba.

Hesabu ya Ruge Mutahaba ilianzia kwenye pengo hilo. Alizaliwa Marekani mwaka 1970, mtoto wa Profesa Gelase Mutahaba, akasoma California, akarudi na kuungana na Joseph Kusaga, ambaye Clouds yake ilianza kama disko kabla ya kuwa redio mwishoni mwa miaka ya 1990. Cheo cha Ruge kilihusu vipindi na uzalishaji, na wengi walimfahamu kama mtu wa redio. Ukiangalia alichokifanya hasa, alikuwa bosi wa lebo: alitafuta vipaji, akavilea, akavitangaza, akavipeleka jukwaani. Alifariki Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019.

Lebo za kawaida hurekodi, hupeleka redioni, kisha huuza nakala, na faida iko kwenye nakala. Mtaji mkubwa huenda studio na kiwandani, redio ni kipaza sauti tu. Ruge aliipindua hesabu hiyo. Redio ilikuwa ya nyumbani, kwa hiyo kuupiga wimbo mara kumi kwa siku hakukumgharimu kumlipa mtu wa nje. Wimbo ukishakaa vichwani mwa watu, unauza tamasha. Na tamasha, yaani Fiesta, halikutegemea kiingilio peke yake. Kampuni za simu na bia zilitaka kufika mikoani, na Clouds iliweza kumuuzia mdhamini matangazo ya redioni na bango la jukwaani kwa mazungumzo ya meza moja. Mdhamini akishakubali, sehemu kubwa ya gharama imebebwa kabla geti halijafunguliwa.

Hapo ndipo kijana wa stendi anapogeuka. Kwa lebo inayouza nakala, huyu ni mwizi. Kwa Ruge alikuwa msambazaji asiyedai mshahara: kila memori kadi aliyoijaza ilikuwa tangazo la onyesho lijalo. Sidhani kama kuna aliyewahi kukaa na vijana hao kuwashukuru, ila mfumo mzima uliwategemea.

Majira nayo yalisaidia. Fiesta ilizunguka mikoani zaidi katika nusu ya pili ya mwaka. Bonde la Kilombero, Ifakara ikiwemo, huvuna mpunga kuanzia katikati ya mwaka, na viwanda vya sukari vya Msolwa na Ruembe huwa vinasaga miwa. Hela ipo mifukoni. Sitaki kudai kwamba ratiba ilipangwa kwa kuliangalia bonde letu. Wakulima wa mikoa mingine nao huuza mazao kipindi hichohicho. Lakini tamasha la Machi, masika yakiwa yamepamba moto na watu wako shambani wakipalilia, lisingemlipa mtu yeyote.

Hata hivyo jukwaa kubwa hupenda lami na uwanja wa mkoa. Kwa miaka mingi, barabara ya karibu kilomita 67 kutoka Kidatu hadi Ifakara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Ifakara ilisikia zaidi ya ilivyoona. Mpenzi wa muziki aliyetaka kuwaona wasanii wakubwa alipanda basi kwenda Morogoro.

Kiungo cha gharama zaidi kilikuwa Tanzania House of Talent, THT, iliyoanza mwaka 2005. Vijana walifundishwa sauti, kucheza na ala, wakazoezwa kuimba laivu na bendi wakati wenzao wengi walikuwa wakifuatisha CD jukwaani. Barnaba, Linah, Mwasiti, Amini, Ditto, na baadaye Ruby na Nandy, walipitia huko. Kibiashara lilikuwa jambo la akili sana. Ukiwa na watunzi ndani ya nyumba, mmoja humwandikia mwingine, na tamasha linapata wasanii walioiva bila kusubiri soko liwalete.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Redio inayochagua wimbo wa kupigwa ndiyo hiyohiyo yenye wasanii wake na tamasha lake. Nani awe refa? Mwaka 2011 rapa Sugu na kundi la Vinega walimshambulia Ruge waziwazi kwa mixtape ya Anti-Virus. 2013 mwimbaji Lady Jaydee naye aligombana hadharani na uongozi wa Clouds. Wengi waliueleza ugomvi huo kwa tabia za watu. Mimi naona ulitoka kwenye muundo wenyewe wa biashara. Palipo na soko la nakala, msanii aliyefungiwa redioni bado ana duka. Kwetu nakala hazilipi, hivyo aliyekosa redio amekosa jukwaa, na aliyekosa jukwaa hana pa kulia. Uwezo wa namna hiyo ukiwa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, atalaumiwa, na mara nyingine atastahili.

Diamond Platnumz alijibu kwa kujenga mnyororo wake: lebo ya WCB, televisheni ya Wasafi, Wasafi Festival mwaka 2018, kisha redio. Malango yakawa mawili. Lawama zikahamia kwenye mikataba. Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru.

Waliomfuata Ruge wameiga redio, wameiga tamasha, wameiga udhamini. Shule ndiyo haijaigwa kwa ukubwa ule, kwa sababu hula fedha miaka kadhaa kabla ya kurudisha chochote. Ifakara kazi hiyo hufanywa na kwaya za parokia, ambako mtoto hujifunza kushika sauti yake na kukaa kwenye kinanda, na wazee wanaopiga ngoma ya sangula, ambao kwao hujifunza mdundo. Prodyuza wa hapa hupokea vijana walioandaliwa tayari bila kulipa ada yoyote. Kijana akitoka hapo anarekodi wimbo, anaupandisha YouTube, anapeleka nakala redioni Pambazuko FM, na nyingine anaipeleka stendi mwenyewe, bure, ili ijazwe kwenye memori kadi pamoja na za Dar es Salaam.