Robo ya Nini? Somo la Sehemu katika Jedwali la Titanic

Somo la sehemu katika shule zetu za msingi aghalabu huanza na chungwa. Mwalimu analikata vipande vinne vilivyo sawa, anainua kimoja, darasa linaitikia: robo. Kwa kuanzia si vibaya, ila njia hiyo inaficha swali gumu kuliko yote katika mada hii: robo ya nini? Chungwa zima limo mkononi mwa mwalimu na hakuna wa kulitilia shaka. Ndiyo maana mtoto anaweza kufaulu maswali yote ya kurahisisha na kujumlisha sehemu, kisha akikutana na habari yenye hesabu za watu akashika kiasi na kuiacha asili ipite. Dawa yake ni kumpa takwimu zisizokatika vizuri, ambazo kila mara zinamlazimisha kutaja kizima chake. Kwa kazi hiyo sijaona zinazolishinda jedwali la walionusurika katika Titanic.

Meli hiyo, ikitoka Southampton kwenda New York, iligonga siwa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 na kuzama kabla ya mapambazuko. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza, ulioongozwa na Lord Mersey, ulihesabu watu 2,201 melini, wakapona 711, na ukawapanga abiria kwa madaraja. Daraja la kwanza walikuwa 325, wakapona 203. La pili walikuwa 285, wakapona 118. La tatu walikuwa 706, wakapona 178. Mwalimu aandike ubaoni waliopona peke yao: 203, 118, 178. Kwa hesabu hiyo daraja la tatu limelipita la pili kwa watu 60, na mwanafunzi atakayesema hivyo hajakosea kutoa. Safu ya pili, ya waliosafiri, ikishaandikwa ndipo ataona kwamba alikuwa akilinganisha vitu visivyolingana.

Sehemu zenyewe ni kaidi. 203/325 hairahisishiki, wala 118/285. 178/706 inakubali kugawanywa kwa 2, basi. Mwalimu aliyezoea majibu safi ataona kero, lakini ukaidi huo ndio unaomlazimisha mtoto kukadiria. Thumuni ya 325 ni 40 na ushei, na thumuni tano zinafika 203 karibu kabisa. Kwa hiyo daraja la kwanza ni 5/8. Robo ya 706 ni 176.5, basi daraja la tatu ni robo. Kwa daraja la pili wengi watakimbilia 2/5. Waambiwe wahakiki: 2/5 ya 285 ni 114, ilhali waliopona ni 118. Makadirio yetu yamewazamisha watu wanne. Wakitafuta zaidi watafika 5/12, inayotoa 118.75, na hapo hapo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zetu kinashuka kutoka 40 hadi 24. Sasa madaraja matatu yanasimama pamoja: 15/24, 10/24, 6/24. KDS, ambayo kwa watoto wengi ni kanuni ya kukariri tu, imepata kazi ya kueleweka: tuseme kila daraja lilikuwa na watu 24, wangapi wangefika New York wakiwa hai?

Jedwali hilo linalitendea haki hata lile kosa maarufu la kujumlisha viasi kwa viasi na asili kwa asili. Kwa kawaida tunalikata kwa kalamu nyekundu bila kueleza kitu. Hapa mtoto akifanya hivyo anapata 499/1,316, nalo ni jibu sahihi kabisa la swali jingine: ni sehemu gani ya abiria wote iliyopona? Akifuata kanuni ya kujumlisha anapata 31/24, zaidi ya kizima, yaani waliopona wamezidi waliosafiri. Kanuni haijavunjika. Sehemu tatu zenye vizima vitatu tofauti haziwezi kujumlishwa zikatoa sehemu ya abiria wote. Hata wastani wake, 31/72, unadanganya: ni kama asilimia 43, wakati ukweli ni kama 38, kwa sababu daraja la tatu peke yake lilikuwa na watu wengi kuliko mengine mawili kwa pamoja.

Kisha gawanya madaraja kwa wanaume, wanawake na watoto, na kizima kinabadilika tena. Wanaume wa daraja la pili waliopona ni 14 kati ya 168, sawasawa na 1/12. Wa daraja la tatu ni 75 kati ya 462, pungufu kidogo ya 1/6. Kumbe wanaume wa tiketi ya bei ya chini walipona karibu maradufu! Lakini watoto wa daraja la pili walipona wote 24, na wa la tatu 27 tu kati ya 79. Kauli kwamba daraja la pili lilinusurika zaidi ni kweli kwa asili moja na uongo kwa asili nyingine. Na mwalimu asiache darasa lidhani sehemu inataja sababu. Mersey alihitimisha kwamba abiria wa daraja la tatu hawakubaguliwa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyetoa ushahidi mbele yake. Jedwali linaonyesha pengo. Halisemi nani alilisababisha.

Kuzidisha nako kumo. Mashua za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178, kama 8/15 ya watu wote, na waliopona ni kama 3/5 ya nafasi hizo. Zidisha, upate 8/25 ya watu wote.

Wapo watakaosema vifo si mali ya somo la hesabu. Hoja ina uzito kwa watoto wadogo sana, lakini mwanafunzi wa darasa la sita anasikia habari za ajali kila wiki, na afadhali azisikie akiwa na namna ya kuzipima. Wengine watasema takwimu zenyewe zinabishaniwa, na ni kweli: uchunguzi wa Seneti ya Marekani ulitaja watu 2,223 na walionusurika 706. Gawanya, na bado unapata pungufu kidogo ya theluthi. Tofauti ya watu 22 haitikisi sehemu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunayo misiba yetu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Kwa nini tuvuke Atlantiki? Mbali na kwamba wengi bado wanaomboleza ndugu zao, kuna kikwazo cha kihesabu. Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430, ikabeba wengi zaidi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Asili haijulikani, wala si kwa tofauti ya watu 22 bali ya mamia. Darasa likishamaliza Titanic, lipewe MV Bukoba kama swali la mwisho: andika sehemu ya walionusurika, kisha taja ni karatasi gani ilipaswa kujazwa bandarini Bukoba na Kemondo ili swali hili lijibike.