Mahali pa Kuweka Kipimo

Ombi la kuandika haliendi diskini moja kwa moja. Katika Linux hupita kwenye mfumo wa mafaili, pengine LVM (tabaka la kugawanya na kuunganisha nafasi ya diski), pengine RAID ya programu (diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja), ndipo likaifikia draiva ya diski yenyewe. Na njiani hubadilika. Kwenye RAID 1 ya diski mbili ombi moja huzaa mawili, maana kila diski lazima ipate nakala yake. Kwingine maombi ya sekta zinazofuatana huunganishwa yakawa moja. Ukihesabu juu na ukihesabu chini utapata idadi mbili zisizolingana, zote za kweli. Ndiyo maana nawaheshimu mno mafundi wanaoamua vihesabio vikae tabaka gani.

Muda ndio mgumu zaidi. Mgonjwa akikaa kwenye benchi saa tatu, kisha daktari akamwona kwa dakika kumi, anayesoma saa ya mlangoni peke yake atamlaumu daktari bure. Hivyo ndivyo diski isiyo na hitilafu hutupwa wakati ucheleweshaji ulikuwa foleni ya juu yake.

Swali hili la tabaka lina historia. Keneli ya Linux 2.6 ilianza kugeuza anwani za patisheni (sehemu za diski) kuwa anwani za diski mapema kuliko 2.4. Kuunganisha maombi na kupima muda kukabaki kwenye diski nzima, na kila patisheni ikaachiwa takwimu 4 badala ya 11. Takwimu kamili zilirudi mwaka 2008, katika 2.6.25. Hakuna aliyekusudia kuficha takwimu. Tabaka moja lilisogezwa tu, nazo zikapotea.

Kinachonivutia zaidi ni adabu ya kipimo chenyewe: kisimlemee anayepimwa. Kila kichakataji hujaza vihesabio vyake, na jumla hupigwa pale tu mtu anapolisoma faili la takwimu za diski, /proc/diskstats.

Mimi naona kipimo kikae pale ombi linapobadilisha mikono, si katikati ya tabaka. blktrace, zana ya kufuatilia maombi ya diski, kazi ya Jens Axboe iliyoingia kwenye keneli mwaka 2006, hufanya hivyo hasa: Q ombi linapofika, D linapokabidhiwa draiva, C linapokamilika. Kutoka Q hadi D ni foleni. Kutoka D hadi C ni draiva na kifaa chake. Fundi akiwa na herufi hizo tatu habahatishi tena kama anunue diski mpya au arekebishe foleni.