Kufuli, Kitasa au Komeo? Istilahi za Mlango wa Jiko la Kuni

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kutuona tukijadili istilahi za sheria, za benki na za utawala. Safari hii tunaomba radhi tuingie jikoni. Tumeletewa kijitabu cha kurasa 16, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, kinachofuatana na majiko ya chuma yatumiayo kuni. Hatutamtaja aliyekitoa wala aliyekitafsiri, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Tunakusudia kukichambua ukurasa mmoja tu, ule unaomweleza mwenye jiko afanye nini iwapo mlango wa chumba cha moto haukai sawasawa.

Ukurasa huo tuliujua kwa sababu ya kisa kilichotokea Kizota, magharibi mwa mji wa Dodoma, mahali ambapo wengi wanapakumbuka kwa ukumbi uliofanyiwa Mkutano Mkuu wa CCM mwaka 2012, lakini wenyeji wanapajua zaidi kwa maghala, karakana na vibanda vya mafundi wa kuchomelea. Akina mama wawili, jirani zetu, huoka mikate na skonzi kwa jiko la namna hiyo. Chumba cha moto kiko chini, cha kuokea kiko juu, na dohani inatoka kwa nyuma. Mlango wa chini ulianza kufunguka wenyewe. Waliuegemeza tofali, wakaendelea na kazi. Lakini kila tofali lilipoteleza moshi ulitapakaa chumbani na kuni zikateketea haraka, kwa kuwa hewa ilikuwa ikiingia pasipo kiasi. Kuni za Dodoma si za kuchezea. Ndipo wakamwita fundi, wakampa kijitabu.

Kijitabu kilisema, kwa maneno machache, kwamba kufuli ya mlango ikilegea iondolewe na kuwekwa nyingine. Fundi ni mtu mwenye adabu ya kusoma. Alifanya kama alivyoambiwa. Alichomelea masikio mawili, moja mlangoni na jingine kwenye fremu, akapitisha kufuli mpya iliyonunuliwa dukani, akakabidhi na ufunguo. Asubuhi ya pili moto ulizidi, mama mmoja akataka kufungua mlango azichomoe kuni mbili, akakuta kufuli imekuwa ya moto kama kaa. Alipomaliza kutafuta kitambaa na ufunguo, trei mbili za mikate zilikuwa zimeungua, na kiganja chake kilikuwa kimeumia. Tulikuwapo fundi alipoitwa tena. "Mama," alisema, "hiki kitabu kimeniambia niweke kufuli, nami nimeweka. Kosa langu liko wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa, maana kosa halikuwa lake.

Kufuli, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni chombo kinachobebeka, chenye upindo wa chuma na ufunguo wake. Hakuna Mswahili asiyelijua hivyo. Kitu alichokusudia mwandishi wa asili ni kile kipande cha chuma kilichofungwa mlangoni, kinachozunguka kwa mpini na kuingia nyuma ya kingine kilichoko kwenye fremu, kikaushika mlango usifunguke. Hakina ufunguo, wala hakitakiwi kuwa nao. Ukurasa wa 9 wa kijitabu hichohicho unakiita "kitasa", na maelezo chini ya mchoro yanakiita "loki". Kitu kimoja, majina matatu, na hakuna hata moja linalokifaa! Kitasa nacho, kwa matumizi ya Watanzania wote tunaowafahamu, hufungwa kwa ufunguo. Inaelekea mfasiri alifungua kamusi ya lugha mbili, akakuta safu ya maneno, akachukua la kwanza. Siku iliyofuata akachukua la pili.

Nalo neno lenyewe lipo. Komeo limo katika Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na limo kila siku katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, Dodoma au Tanga. Tunajua kuna watakaopinga kwamba komeo halisi husukumwa kwa kulala, ilhali hiki cha jiko huzunguka. Tunawakubalia kwamba tofauti ipo; lakini kazi ni ileile ya kuushika mlango pasipo ufunguo, na istilahi hutazama kazi kabla ya kutazama umbo. Panapohitajika kupambanua, "komeo la kuzunguka" na "komeo la kusukuma" yatatosha.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kuliko ya kwanza, ingawa haionekani upesi. Katika ukurasa huo mmoja kitenzi "funga" kimebeba mizigo minne: kuurudisha mlango mahali pake, kuutia komeo, kuikaza nati, na kuupunguza mlango wa hewa. Mwananchi akisema nyumbani kwake "nimefunga mlango", hakuna madhara. Anayemsikiliza anaiona nyumba. Msomaji wa maelekezo haoni chochote ila maneno. Naye anaambiwa: ikiwa mlango haufungi, ufunge kwa kufunga bawaba. Tumeisoma sentensi ya aina hiyo mara tatu, na bado hatujui mkono uende wapi.

Lugha yetu haikuwa na shida hiyo. Mlango unaweza kuegeshwa, ukabaki na mwanya, unaweza kushindikwa, ukakaa mahali pake bila ya kutiwa chochote, unaweza kukomewa, unaweza kufungwa kwa ufunguo. Hizo ni hatua nne, kila moja ina kitenzi chake, na bibi yeyote wa pwani atakusahihisha ukizichanganya. Tazama jinsi ugonjwa wa jiko unavyoelezeka kwa urahisi tukizitumia: mlango unashindika vizuri, ila komeo halishiki. Au kinyume chake: komeo ni zima, ila mlango haushindiki. Hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili, na "haufungi" huyafanya kuwa moja. Nati nayo haifungwi, hukazwa.

Hebu tutazame magonjwa hayo yenyewe, kwani mfasiri asiyejua kazi hawezi kuchagua neno. Mlango wa chuma ni mzito, na bawaba zake huliwa kidogo kidogo. Zikiliwa, mlango hushuka upande wa komeo, na ulimi wa komeo ukafika chini ya mahali unapopokelewa. Dawa yake ni kuuinua mlango kwa kutia washa moja au mbili katika pini ya bawaba, au kubadili pini iliyoliwa. Kulipinda komeo ili limfuate mlango aliyeshuka ni kuuficha ugonjwa. Pengine mlango haukushuka, bali majivu na masizi yaliyogandamana yamejaa ukingoni, ukawa haurudi hadi mwisho. Hapo dawa ni brashi ya waya na subira. Pengine ukanda wa kuzibia umebadilishwa kwa mwingine mnene mno, ukausukuma mlango nje. Pengine ulimi wenyewe umelika, nao huongezwa kwa kuchomelewa kidogo, kisha ukapigwa tupa. Anayetaka kujua ulimi unagonga wapi aupake chaki, aushindike mlango, akomee, kisha afungue atazame alama. Anayetaka kujua mwanya uko wapi aweke kipande cha karatasi ukingoni jiko likiwa baridi, akomee, akivute; karatasi ikitoka bila ya kushikwa, pale pana mwanya.

Kisha kuna joto. Chuma hutanuka kinapopata moto: ukingo wa sentimeta 40, joto lake likipanda kwa nyuzi 400 za Selsiasi, huongezeka urefu wa karibu milimeta 2. Kwa hiyo mlango unaoshika barabara jikoni pakiwa baridi huweza kukwama moto ukikolea, na fundi hana budi kuacha nafasi ndogo kwa makusudi. Kijitabu kimelieleza jambo hili kwa kusema mlango "utakua". Mtoto hukua, mtama hukua, chuma hutanuka. Tena kimeagiza bawaba zitiwe mafuta, bila ya kusema mafuta gani, na mafuta ya kawaida huungua hapo yakaacha ugumba mweusi unaozidisha tatizo. Afadhali unga mkavu wa grafiti, ule uliomo ndani ya penseli.

Makosa mawili yaliyobaki yangeweza kuleta hasara kubwa zaidi ya ile ya Kizota. Kijitabu kinasema mlango uliopinda "ugongwe" hadi unyooke. Hilo linafaa kwa bamba la chuma kinachofulika. Lakini milango mingi ya majiko haya ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Na chuma hicho hakinyooki kwa nyundo, hupasuka. Mfasiri ametumia neno "chuma" kwa vyote viwili, kana kwamba Waswahili hawakuwa na wahunzi waliofua wala masonara waliosubu. Vitenzi hivyo viwili vinatosha kuokoa mlango.

La mwisho ni "kamba". Ukingo wa mlango una ukanda wa kuzibia, uliosokotwa kwa nyuzi za kioo zisizoungua. Kijitabu kinamwambia mwenye jiko anunue kamba mpya. Katika nchi ya mkonge, mtu akiambiwa anunue kamba atanunua kamba gani? Jirani zetu walinunua ya katani, ikateketea siku ileile. Tungeandika "ukanda wa kuzibia wa nyuzi za kioo", tukaongeza onyo kwamba ukanda wa majiko ya zamani huweza kuwa wa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usikwanguliwe ovyo ukiwa mkavu.

Haki itendeke pia. Mfasiri huyu ameandika "dohani" pale ambapo wengine wangeandika "bomba la moshi". "Masizi" amelitumia mahali pake. Na sentensi zake za ukurasa wa kwanza, kuhusu kukausha kuni kabla ya kuzitumia, ni nzuri. Anakijua Kiswahili. Asichokijua ni mlango wa jiko, naye hakwenda kwa anayeujua.

Huenda msomaji akauliza kama inafaa kujisumbua na jiko la kuni wakati Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Tunajibu kwamba jiko la gesi la mwokaji nalo lina mlango, bawaba, komeo na ukanda. Istilahi tukizikosea sasa, zitahama pamoja na jiko.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wenyewe hatukuafikiana. Ile sehemu ya fremu inayoupokea ulimi wa komeo iitweje? "Ulimi" lenyewe alilitaja fundi, wala hakulifikiri mara mbili. Nasi tunalipenda, kwani linakaa vema na meno ya msumeno, shingo ya chupa na masikio ya sufuria. Fundi akaendelea kwa mantiki hiyohiyo akapaita "mdomo". Baadhi yetu tulivutiwa. Lakini mdomo wa jiko tayari ni pale panapotiwa kuni, na maelekezo yatakayosema "safisha mdomo" yatarudisha mkanganyiko uleule tunaoukimbia. Wengine tukatoa "tumbuu", neno la milango ya pwani, ambalo kwa asili ni pete ya chuma ya kupitishia mnyororo. Fundi hakuwahi kulisikia. Tulipomweleza maana yake alicheka, akasema kumbe anazitengeneza kila wiki na hakujua kuwa zina jina. Sisi tunaegemea tumbuu, kwa kupanua maana yake; mwenzetu mmoja hakubali, anadai kwamba neno la pete lisipewe kitu kisicho pete. Tunaomba maoni ya wasomaji, hasa walimu wa ufundi na wafasiri wanaofanya kazi karibu na karakana, kabla orodha haijapelekwa kujadiliwa.

Mlango wa jirani zetu ulitengenezwa kwa washa mbili, tupa na nusu saa. Masikio yaliyochomelewa yamekatwa. Kufuli sasa iko kwenye kabati la unga.