Picha ya Chui wa Kibo

Wasomaji wetu, picha za Kibo zinazopendwa hapa Moshi nyingi ni theluji tu. Sisi twaisifu zaidi picha ya yule chui aliyekutwa amekauka kwa baridi ukingoni mwa shimo la Kibo katika miaka ya 1920. Wengine hunena kuwa ni bahati tupu. Kumkuta chui ni bahati, twakubali. Lakini kuipandisha kamera kupita mita 5,000 ni kazi ya miguu. Mchungaji Richard Reusch alimkata sikio liwe ukumbusho. Sikio pekee lingeonyeshwa watu, wangesema ni la chui wa mtoni! Mzoga wenyewe umekwisha kutoweka. Picha yathibitisha kwamba alifika. Alifuata nini huko, haionyeshi.